Nani Aliwasha?

Mwalimu wa hesabu aliingia darasani akiwa amelikumbatia boksi la vikokotoo kwa mikono yote miwili, na kipande cha chaki amekibana kwa midomo, maana hakuwa na mkono wa tatu. Aliliweka boksi mezani, akaitoa chaki, akaipangusa kwenye sketi. Wanafunzi wakaja mbele kuchukua kikokotoo kimoja kwa watu wawili, wakigombania vile ambavyo vitufe vyake bado vilikuwa na maandishi.

Vilikuwa vikokotoo vya kuchorea grafu, vizito, vyenye kioo cha kijivu na herufi kubwa tupu. Chuo kilivipokea vikiwa vimeshatumika na watu wengine mahali pengine, na baadhi yake nyuma vilikuwa vimechorwa mioyo na majina ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Mwalimu alikuwa amelala vibaya. Miguu ilimuuma tangu asubuhi, na alikuwa na vipindi vitatu mfululizo.

"Leo tunaifundisha mashine kuzungumza na mtu," alisema. "Programu isiyo na mdomo wala sikio haimsaidii mtu."

Aliandika amri ubaoni kwa Kiswahili, kwa sababu zile za Kiingereza ziliwachanganya. Onyesha: mashine inasema. Weka: mashine inasema mahali unapotaka, mstari huu na safu ile. Uliza: mashine inatoa swali, kisha inangoja.

"Na ikishauliza," alisema, "haisogei mbele mpaka ijibiwe. Nenda kale, nenda kalale, ukirudi utaikuta palepale."

"Kama mama mkwe wangu," alisema mwanafunzi mmoja mwenye mke, na darasa likacheka. Mwalimu naye alitabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Programu ya kuanzia ilikuwa rahisi. Mashine iulize urefu wa ukuta, iulize kimo chake, halafu ionyeshe eneo la kupaka rangi. Waliiandika herufi kwa herufi, wakilalamika vitufe vinakwama. Mwalimu akawaambia waiendeshe.

"Mwalimu, yangu inauliza kitu kingine," alisema msichana wa mbele.

"Inauliza nini?"

"Inauliza nani aliwasha."

"Na yetu," wakasema wa nyuma yake.

Mwalimu alipita kati ya madawati akiangalia. Katika kila kioo palikuwa na maneno mawili, NANI ALIWASHA?, na mbele yake kijiti cheusi kikiwaka na kuzima, kikingoja. Alichukua kikokotoo kimoja akaipitia programu mstari baada ya mstari. Ilikuwa imeandikwa sawasawa: urefu, kimo, eneo. Aliiendesha tena mwenyewe. NANI ALIWASHA?

Hakuna aliyepiga kelele. Darasa lote lilijua swali hilo ni la nani.

Muhula uliopita kulikuwa na msichana wa darasa la umeme ambaye wenzake walimwita Kwanini. Jina hilo alilipata kwa kuuliza. Ukimwambia waya mwekundu unakwenda huku, anauliza kwa nini usiende kule. Walimu wengine walikuwa wakimwona akinyoosha mkono wanageukia ubao. Siku moja aliingia karakana kutengeneza mashine kubwa ya kutobolea chuma. Alishusha swichi kubwa ya ukutani, akafungua kifuniko cha mashine, akaingiza mikono yote miwili. Alipokuwa humo ndani, umeme ukarudi. Taarifa ya chuo ilisema marehemu alijisahau, hakushusha swichi. Ilibandikwa karibu na lango mpaka jua likaifubaza.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Tangu mazishi alikuwa akija chuoni kila wiki, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, na kukaa kwenye benchi la mapokezi. Karani wa mapokezi alikuwa akimuuliza shida yake ni nini, ingawa aliijua.

"Nimekuja kuuliza tu," fundi alikuwa akisema. "Mwanangu mimi nimemfundisha kufunga nyumba. Hakuwa mtu wa kusahau. Nani aliwasha?"

"Swali lako limepokelewa, mzee," karani alikuwa akijibu, naye hakudanganya, kwa sababu kila mara alilipokea. Fundi alikuwa akikaa mpaka ofisi zifungwe, kisha anashukuru na kwenda zake.

Kwa hiyo darasa lilipoona swali lile halikustaajabu sana. Lililolisumbua ni kwamba kazi ya ukuta haikuendelea.

"Jibuni basi," alisema mwalimu. "Andikeni chochote, tuone kama inasogea."

Waliandika SIJUI. Mashine ikauliza upya. Waliandika sifuri, wakaandika majina yao, wakaandika HAKUNA. Mmoja aliandika MUNGU, na kikokotoo chake kikakaa kimya muda mrefu kuliko vingine, kama kinachofikiri, halafu kikauliza tena. Msichana wa mbele akaandika MAREHEMU, kama ilivyosema taarifa, akakiachia kikokotoo mezani haraka kwa sababu kilikuwa kimepata moto kama pasi.

"Hiyo msiiandike tena," alisema mwalimu, na akaeleza kupima ukuta kwa chaki ubaoni, kama zamani.

Jioni alikwenda na kikokotoo kimoja nyumbani. Aliishi na dada yake mkubwa, mwanamke aliyestaafu uuguzi na ambaye hakuona sababu ya mtu kuzunguka na neno moyoni. Dada alikuwa akimenya vitunguu. Aliinamia kioo, akasoma, akarudi kwenye vitunguu vyake.

"Kwa nini usikijibu?"

"Jibu silijui, dada."

"Mwalimu gani wewe usiyejua jibu?"

"Mimi ni wa hesabu."

"Aliyewasha si mtu mmoja? Hiyo si hesabu?"

Mwalimu alivua viatu, akanyoosha miguu juu ya kiti kingine. Alisema mkataba wake unaisha mwisho wa mwaka na anayetia saini ni Mkuu wa Chuo. Dada alichukua kitunguu kingine. Kikokotoo kilikuwa mezani kati ya maganda, kijiti chake kikiwaka na kuzima. Walikula nacho hapo hapo. Baadaye dada akakifunika kwa kitambaa cha vyombo, akisema si kwa ubaya, ila kinamtazama.

Wiki ile swali lilienea. Vikokotoo vipya vya stoo, vilivyokuwa bado kwenye nailoni zake, havijawahi kutiwa betri, vilipotiwa vikauliza. Vya darasa la ujenzi vikauliza. Hata kile kidogo cha karani wa mapokezi, ambacho hakina herufi hata moja, kilikataa kujumlisha, kikabaki kinamwonyesha kijiti. Karani alitoa kalamu akajumlisha kwa mkono, na akagundua bado anakumbuka.

Tatizo kubwa likawa betri. Vikokotoo havikukubali kuzimwa, maana mashine iliyouliza haizimiki mpaka ijibiwe, na betri zilikwisha upesi. Ukiweka mpya, kinaendelea pale pale kilipoishia. Mtunza stoo alikuwa akipita madarasani na kopo la betri, akifungua vifuniko kwa ukucha wa kidole gumba, akitoa zilizokufa na kuweka zilizo hai. Alikuwa mtu mrefu aliyeinama, amebakiza kidogo kustaafu, mpole kiasi kwamba watu walizungumza siri mbele yake wakisahau kuwa yupo.

Mkuu wa Chuo alimwita mwalimu ofisini. Alikuwa mwanamume nadhifu mwenye sauti ya chini, na feni ya mezani aliyoielekeza usoni pake.

"Nasikia vifaa vyako vina hitilafu."

"Si hitilafu, Mkuu. Vinangoja."

"Vinangoja nini?"

"Jibu."

Mkuu aligeuza kalamu mara mbili tatu. "Andika kwamba ni hitilafu. Wakaguzi wakija, tuwe na karatasi. Mwalimu, unajua wenyewe wanavyosema, funika kombe mwanaharamu apite."

Mwalimu aliandika kwamba ni hitilafu. Hakuwa na nguvu za kufanya lingine siku ile. Alipotoka alimkuta fundi cherehani kwenye benchi, akaketi kando yake bila kukusudia, kwa sababu benchi lilikuwa karibu na miguu haikutaka kwenda mbali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Pole na kazi."

"Nishapoa."

Walitazama ukuta wa mbele. Baadaye fundi akauliza, "Mwanangu alikuwa akija darasani kwako?"

"Alikuwa akija."

"Alikuwa akiuliza?"

"Kupita kiasi."

Fundi alicheka, meno yakaonekana, kisha akaacha kucheka. "Nyumbani pia. Nilimwambia kuuliza si ujinga. Labda ningemwambia apunguze."

Mwalimu alitoa kikokotoo mkobani akampa. Fundi alikishika mbali na macho, kama washonaji wanavyotafuta tundu la sindano. Alisoma taratibu. Hakushtuka. Alikaa nacho mapajani mpaka ofisi zikafungwa, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Afadhali," alisema. "Sasa tuko wengi tunaouliza."

Jibu lilikuja katikati ya kipindi cha asubuhi, wakati mwalimu anaeleza amri ya Weka na wanafunzi wanaandika madaftarini kwa kuwa mashine hazikuwa na kazi nyingine. Mtunza stoo aliingia na kopo lake, akaomba radhi kwa kichwa, akaanza kuzunguka. Alifika kwenye dawati la msichana wa mbele, akafungua kifuniko, akabadilisha betri, akakigeuza. NANI ALIWASHA? Alikitazama kwa muda. Kisha akavuta kiti kitupu, akakaa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya darasani.

"Nimechoka kubadilisha betri," alisema, si kwa mtu fulani.

Akaanza kubonyeza. Vidole vyake vilikuwa vinene, na herufi ndogo, kwa hiyo alikosea, akafuta, akarudia. Msichana wa mbele alimwonyesha M ilipo. Alipomaliza alibonyeza kitufe cha kuingiza, akasimama, akachukua kopo lake.

Vikokotoo vyote vililia mara moja, mlio mfupi ambao vikokotoo vya aina ile havina. Kijiti kikaacha kuwaka na kuzima. Chini ya swali, katikati kabisa ya mstari, kama vile mtu ametumia amri ya Weka na kuhesabu safu vizuri, palitokea maneno: MKUU WA CHUO.

Darasa lilisoma. Mwalimu alisoma. Mtunza stoo akaona ni vizuri aeleze, kwa kuwa mashine ina nafasi ndogo.

"Wageni walikuwa wanakuja kuangalia karakana," alisema. "Akataka feni zizunguke. Nilimwambia, Mkuu, kuna mtoto kwenye mashine, ngoja nimwite atoke. Akasema wageni wako langoni. Akapandisha swichi mwenyewe."

"Na wewe?" aliuliza yule mwenye mke.

"Mimi nilikuwa nimeshika ngazi ya kutundikia mapambo ya wageni." Alitazama mikono yake kama vile ngazi bado ipo. "Nikaambiwa sikuona. Basi nikawa sikuona."

Alitoka kwenda darasa la ujenzi, kuangalia kama na huko vimeacha kula betri. Vilikuwa vimeacha.

Mwalimu aliwaambia wanafunzi waandike upya programu ya ukuta. Waliiandika. Safari hii mashine iliuliza urefu, ikauliza kimo, ikatoa eneo bila kosa. Vikokotoo vilizimika vilipozimwa. Jambo moja tu ndilo lililobaki: kila kikokotoo kilipowashwa, kilianza kwa kuonyesha swali na jibu lake, mistari miwili, kikakaa navyo mpaka mtu abonyeze kitufe.

Kabla ya chakula cha mchana Mkuu wa Chuo mwenyewe alikuja darasani. Wanafunzi walisimama, wakakaa. Aliomba kikokotoo, akakiwasha kwa kidole cha shahada. Alisoma. Mwalimu alimwona akisoma, macho yakienda kushoto kwenda kulia, mstari wa kwanza, mstari wa pili.

"Herufi zinasomeka vizuri," alisema Mkuu. "Sasa vinafanya kazi?"

"Vinafanya kazi, Mkuu."

"Vinajumlisha?"

"Vinajumlisha."

"Basi hitilafu imekwisha," alisema, akakirudisha mezani kwa uangalifu kama mtu anayerudisha kikombe cha mwenyeji, akaondoka. Nyayo zake zilisikika ukumbini, si za haraka wala si za polepole.

Wahenga walisema penye ukweli uongo hujitenga. Pale chuoni havikujitenga. Taarifa iliyofifia iliendelea kukaa langoni, na ndani ya lango kila kikokotoo kikasema vingine, na watu walipita katikati wakienda kazini. Wakaguzi walikuja, wakaviwasha, wakasoma, wakaandika kwamba vifaa vinatosheleza. Mtunza stoo alipewa likizo ambayo hakuiomba, na hakuambiwa itaisha lini. Aliliacha kopo la betri mezani kwa mwalimu, likiwa limejaa.

Mwalimu alimpelekea fundi cherehani jibu mwenyewe, kikokotoo mkononi, pale mapokezi. Hakutaka alisikie kwa karani. Fundi alisoma akiwa amesimama, akauliza kama anaweza kusoma tena, akasoma. Kisha akarekebisha futi shingoni ncha zote zilingane, akaenda kubisha hodi kwenye mlango wa Mkuu wa Chuo. Mlango ambao haukuwahi kufunguka kwa ajili yake ulifunguka mara moja.

Mwalimu alingoja benchini. Alikuwa na kipindi, hakuenda. Alisikiliza akitarajia sauti kupanda, kiti kuanguka, kitu chochote. Alisikia feni tu.

Fundi alipotoka alikuwa ameshika chupa ya soda ambayo haijafunguliwa.

"Amenipokea vizuri," alisema, akakaa. "Amenipa kiti. Amenipa hii."

"Amesemaje?"

"Nilimuuliza, ni wewe uliyewasha? Akasema ndiyo, mzee, pole sana. Akasema siku ile kulikuwa na joto."

"Ukamjibu nini?"

Fundi aliitazama chupa. "Nilimjibu ni kweli. Kulikuwa na joto. Hata mimi dukani nilifungua madirisha."

Mwalimu akaweka mkono wake juu ya mkono wa fundi, ule ulioshika chupa, na chupa ilikuwa baridi.

"Unajua, mwalimu," alisema fundi, "muda wote huu nilidhani nikipata jibu nitajua pa kwenda."

Wiki iliyofuata alikuja tena, akakaa benchini. Karani alimuuliza leo amekuja kuuliza nini. Fundi alisema leo haulizi. Karani hakujua apokee nini, akainamia karatasi zake. Akaja na wiki nyingine, kisha hakuja tena. Waliopita mtaani kwake walisema yupo, anashona, ukimpelekea suruali anakupima bila maneno na inakukaa vizuri.

Mwalimu alifika kwenye amri ya mwisho ya mada. Ilikuwa kwenye silabasi, baada ya zile za kuonyesha na kuuliza, na hakuichagua yeye. Aliiandika ubaoni: Safisha. Alieleza kwamba kioo cha kikokotoo hubaki na yaliyoachwa na aliyetangulia, na kwamba programu nadhifu huanza kwa kukifuta, ili mtumiaji aone yake tu.

Wanafunzi waliipenda upesi. Iliwaokolea kubonyeza kitufe. Wakaiweka mwanzo wa kila programu, ya ukuta, ya pembetatu, ya kasi ya pampu, mpaka ikawa mkono unaiandika wenyewe kabla kichwa hakijafikiri. Msichana wa mbele peke yake alikaa siku ile na kikokotoo kimewaka mbele yake, hajaandika kitu. Mwalimu alisimama pembeni yake.

"Umekwama wapi?"

"Sijakwama," alisema msichana. "Bado nasoma."

Mwalimu alimwacha asome. Lakini mtihani ulipofika naye aliandika kama wenzake, kwa sababu mstari ule una alama.

Mkataba ulitiwa saini, mwaka mwingine. Mkuu alimtakia kila la heri, na mwalimu akasema ahsante. Alibeba mitihani nyumbani akaisahihisha kwenye meza ya jikoni, dada yake akipanga vyombo nyuma yake. Karatasi ya kwanza ilianza na Safisha. Ya pili ilianza na Safisha. Mwongozo wa usahihishaji ulisema mwanafunzi apewe alama, naye akawapa, tiki baada ya tiki, hadi kiganja kikamuuma.

Katika karatasi moja alikuta jibu ambalo hakuwa na hakika nalo, akavuta kikokotoo ahakikishe. Alikiwasha. Kilimwonyesha mistari yake miwili. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akaisoma mistari yote miwili mpaka mwisho. Halafu akabonyeza kitufe, kioo kikawa kitupu, akaingiza namba za mwanafunzi. Zilikuwa sahihi. Akaweka tiki, akavuta karatasi iliyofuata.